Makabidhiano ya Birika Mbili na Vikombe Kumi na Vinne

Wananchi wa Kibiti, Ikwiriri, Nyamisati, Mbwera na visiwa vyote vya delta mnatangaziwa kwamba Ofisi ya Uratibu wa Maji Kujaa na Kupwa imefanikiwa kumpata mhudumu mpya. Mhudumu wa zamani ni mimi, Mwanabibi, darasa la saba, wajukuu sita. Naeleza ilivyokuwa kwa sababu maneno ya gengeni yamezidi, na mimi ndiye niliyekuwepo.

Ofisi yetu iko Kibiti, kando ya lami, nyuma ya wauza chipsi. Watu huuliza kwa nini ofisi ya maji ya bahari iwekwe mahali pasipo bahari. Ni utaalamu. Mtu akikaa karibu na maji huyaona yanavyokwenda, halafu hahitaji kuratibiwa. Kazi ya ofisi ni moja: kila mwezi kutoa Ratiba ya Maji, yenye sahihi na muhuri, wenye boti wajue saa ya kuondoka.

Kazi yangu ilikuwa chai, ufagio na kubeba mafaili. Na kila mwisho wa mwezi Afisa Mawimbi, kijana wetu Nurdini, alikuja jikoni, akaegemea mlango, akauliza, "Bibi, mwezi una siku ngapi leo?" Kabla yake walikuja wengine wanne, mlango ule ule. Namwambia. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ndiyo bamvua, maji makubwa: maji yanajaa saa kumi, yanapwa saa nne hata matope ya chini unayaona. Kila siku yanachelewa kama muda wa kupika wali wa nazi na kuupalia. Nurdini anaandika, anaongeza neno "makadirio", inakuwa Ratiba. Hivyo miaka ishirini na tisa, na hakuna boti iliyokwama kwa karatasi yetu.

Mwaka huu Bi Rukaiya wa Nyamisati, mwenye boti tatu za abiria, akaniita. Alitaka mtu wa kukaa pale pale bandarini ampangie saa za boti zake. "Njoo wewe," alisema. "Mimi hiyo karatasi najua inapikwa jiko gani." Ila alitaka barua ya kuachiwa kazi, maana leseni za boti zake zinapita ofisini kwetu na hataki ugomvi na serikali. Akaweka na siku: Jumatatu, kabla boti ya alasiri haijang'oa nanga. Nikichelewa, kazi anapewa mwingine. Sikumlaumu. Abiria hawawezi kumngoja mtu anayengoja barua.

Nikaomba kustaafu kwa hiari. Mratibu Mkuu, Bwana Abdulazizi, alinipokea vizuri, akanikalisha kwenye kiti cha wageni ambacho nimekifuta vumbi maisha yangu yote, akanieleza utaratibu. Barua ya kuachiwa hutolewa baada ya makabidhiano. Makabidhiano yanahitaji mtu wa kupokea. Wa kupokea hupatikana kwa kibali cha ajira. Kibali hutolewa nafasi ikiwa wazi. Na nafasi huwa wazi mwenye nayo akishapewa barua ya kuachiwa.

"Umeelewa, Bi Mwanabibi?"

Nikasema nimeelewa, ni kama mkufu. Akafurahi, akasema si wahudumu wote wanaoelewa.

Nikapewa fomu ya kujaza wakati nangoja. Nikaandika: birika mbili, moja mshikio wake umefungwa waya; vikombe kumi na vinne, vitatu havina masikio; chupa ya chai yenye maua; ndoo; ufagio; ufunguo wa choo. Chini kulikuwa na mstari wa Majukumu Mengineyo. Mimi fomu siidanganyi. Nikaandika: kuhesabu mwezi.

Ikaitwa kamati. Ilikaa siku mbili, nami niliipikia chai siku zote mbili. Ikabainika kwamba kuhesabu mwezi ni kazi ya mwenye shahada, kwa hiyo mhudumu hawezi kuwa aliifanya, kwa hiyo haikufanyika. Wakaikata kwa wino mwekundu. Na ili kuthibitisha, Mratibu akaagiza Ratiba ya mwezi ule itengenezwe bila kupita jikoni. Nurdini akatoka na kitu kizuri, cha rangi, chenye ukurasa wa dira na dhamira. Maji yalipangiwa kujaa saa tatu asubuhi, watumishi wakishasaini daftari la mahudhurio, na kupwa saa tisa na nusu, muda wa kutoka kazini. Jumamosi na Jumapili hayakupangiwa kitu.

Uzinduzi ukapangwa Mbwera, Jumatatu ile ile yangu. Nilipompelekea chai nikamwambia Mratibu kwamba siku hiyo mwezi utakuwa na siku kumi na sita, saa tatu maji yatakuwa yanakimbilia nje. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hoja yangu imepokelewa. Ikawekwa kwenye faili. Faili nililipeleka kabatini mimi mwenyewe.

Nami nikatakiwa kwenda na Mratibu na Nurdini, kubeba chupa ya chai. Nikaitia kikapuni pamoja na fomu yangu, na barua ya kuachiwa niliyochapishiwa mjini, imebaki sahihi tu.

Pale Nyamisati nahodha wetu, Miraji, aliitazama mikoko, mizizi yote iko nje, akasema maji yanatoka. Akaonyeshwa muhuri wa Ratiba. Akawasha mashine.

Tulikwama Nyamisati haijatupotea machoni. Boti ikalalia ubavu juu ya matope, kaa wakatoka mashimoni kututazama. Miraji akajifunika shuka akalala. Mratibu, na suti yake ya kijivu, alisema ni changamoto ya muda. Ilipotimia saa tano na nusu alikuwa ameikodolea macho simu yake. Simu ilikuwa inalia. Mkubwa wake anataka kujua atafika Mbwera saa ngapi, na saa hiyo anaitaka sasa hivi.

"Bi Mwanabibi," akaniambia polepole, "maji yanarudi lini?"

"Hilo lilikatwa kwa wino mwekundu, mheshimiwa."

"Lakini unajua."

"Mwanabibi anajua. Mhudumu haruhusiwi."

Simu ikalia tena. "Sasa huyo Mwanabibi nampataje?"

Nikamtolea fomu.

Fomu ile ina sehemu tatu: anayekabidhi, anayepokea na shahidi. Nurdini alikwisha kujiandika shahidi, kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwake. Miraji si mtumishi wa umma. Mratibu aliisoma mara mbili, akamtazama Nurdini, Nurdini akatazama kaa. Akaweka sahihi penye anayepokea: birika, vikombe, chupa, ndoo, ufagio, ufunguo wa choo. Akasaini na barua. Muhuri ulikuwemo kwenye begi la uzinduzi, ukagongwa juu ya goti lake.

"Mwanangu," nikamwambia, maana sasa hakuwa bosi wangu, "saa saba tutaelea. Mimi mtanishusha Nyamisati kwanza."

Akaipokea simu, akasema saa saba, kwa sauti ya kitaalamu. Akaongeza, "Makadirio."

Jua lilikuwa kali na wote tuna kiu. Nikamsogezea ile chupa, kwa kuwa ilikwisha kuwa kwenye orodha yake. Aliitazama sana. Kisha akaifungua, akammiminia Miraji, akammiminia Nurdini, akanimiminia mimi, nusu kikombe nusu mkononi. Nikamwambia asijali, mkono hutulia baada ya wiki mbili.

Saa saba tukaelea. Boti ya alasiri ya Bi Rukaiya niliipangia saa mimi. Nurdini huja Nyamisati kila mwisho wa mwezi, huegemea nguzo ya kibanda changu.

Kule ofisini chai anapika Mratibu. Nasikia anazidisha sukari. Ameshaandika kuomba aachiwe majukumu ya uhudumu, na makao makuu wamemjibu vizuri sana, wakamweleza utaratibu.