Kompyuta Yangu Imepashwa Moto Ukweni

Leo nimejidhalilisha mbele ya ukoo mzima, tena nikiwa nimevaa koti la kuazima. Naandika kwa vidole viwili tu, vingine vimefungwa bandeji. Sababu ya bandeji mtaijua mkifika huko chini.

Na kabla sijaanza: mnaohusika ni nyinyi, watu wa kundi hili. Mnakumbuka ule mchezo wetu wa wiki tatu zilizopita? Nililalamika hapa kwamba kasha la kompyuta yangu, lile sanduku linalobeba mashine yenyewe, limeoza kwa kutu kwa sababu paa la ofisi linavuja. Mkaanza kuota ndoto: kasha jipya lingekuwaje kama wangelitengeneza watu wa kazi nyingine? Kiwanda cha pombe kingetengeneza kasha lenye vyumba kumi na viwili, na ukitaka kuiwasha unatafuta kizibuo. Watu wa magodoro wangetengeneza kasha laini, kompyuta ikilala haiamki. Watu wa dawa wangeandika ubavuni: washa mara mbili kwa siku, baada ya chakula. Mafundi wa mitumbwi wangekupa na kopo la kutolea maji. Nilicheka mpaka mteja akaniuliza kama mimi ni mzima.

Halafu nikasema langu: mafundi wa sufuria. Nyinyi mlicheka. Mimi sikucheka, maana kwetu hilo lilishafanyika. Wakati wa vita, nikiwa na miaka minane, wanajeshi walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba hapa Kindu wakitafuta redio. Mama aliifunga redio ya baba kwa nailoni, akailaza ndani ya sufuria kubwa, chini kabisa, akatandika majani ya mgomba, juu akajaza sombe, kisamvu cha kwetu. Mwanajeshi akafunua kifuniko. Akachota, akala, akatafuna taratibu, akasema sombe haina chumvi. (Chumvi yenyewe mama angeipata wapi Kindu siku zile?) Akaondoka. Redio ilibaki, na baba aliisikiliza mpaka vita vikaisha. Kwa hiyo msiniambie sufuria si kasha.

Nikaenda kwa Papa Amisi, yule anayeyeyusha vyuma chakavu nyuma ya soko na kumimina sufuria kwenye mchanga. Nikamwambia nataka sufuria nzito ya kulisha watu ishirini, miguu mitatu, na matundu chini.

"Matundu?"

"Ya kupitisha hewa. Ni ya kompyuta."

"Miaka makumi tatu minafanya sufuria," alisema. "Muntu hajaniomba bado sufuria ya kuvuja."

Lakini alitoboa. Matundu madogo madogo, mengi, yamepangika vizuri. Ndani nikaweka kichanja cha mbao, nikafunga mashine juu yake kwa skrubu, feni ikatazama chini. Jamani, ilipendeza. Haikupata joto, haikupiga kelele, na maji ya paa yalikuwa yanateleza juu ya kifuniko yanaanguka sakafuni. Kwa wiki moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mtaa wa stesheni.

Sasa, leo. Leo ilikuwa siku ya kwenda kujitambulisha kwa familia ya Zaina, ng'ambo ya mto, Alunguli. Mnajua nimemsubiri Zaina miaka minne. Baba yake alishafariki, anayeamua ni mjomba wake, Mzee Ramazani, na Mzee Ramazani alikuwa na neno moja tu juu yangu: "Kuchapa-chapa barua za bantu, hiyo njo kazi?" Nikawaza, basi nitampelekea kazi yenyewe aione. Televisheni wanayo, umeme wa jua wanao. Nitafunua kifuniko, nitachomeka waya, mzee ataona jina lake limeandikwa kwa herufi za dhahabu kwenye skrini. (Nilikuwa nimeshaliandika. Nilichagua na maua ya pembeni.)

Zaina alinipa masharti matatu. Usiseme kitu, msemaji wako njo atasema. Usikanyage jikoni mama akiwa ndani, mwiko. Na sikiliza watakuita nani. "Wakikuita mukwe, imekwisha, uko wetu. Wakibakia na mugeni, rudi kwenu ulie."

Msemaji wangu alikuwa Djuma. Djuma hayumo kwenye kundi hili, na nilimficha habari ya sufuria ili naye ashangae pamoja na wengine. (Akili yangu jamani.) Kwa sababu ya maji ya mtumbwini, sufuria niliifunga kwa kitenge kipya, fundo juu. Mama mmoja tuliyevuka naye aliitazama akasema, "Bakwe wako watashiba leo." Nikatabasamu. Sikuelewa kwamba nimeonywa.

Tulipofika mlangoni, shangazi yake Zaina, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha kata nzima, alinipokonya ile sufuria mikononi kabla sijavua viatu. Akapiga vigelegele.

"Mugeni hakukuja mikono mitupu! Na iko nzito! Iko nyama humu!"

Nikafungua mdomo. Djuma akanikanyaga mguu. Sufuria ikapita uani, ikaingia jikoni, na mimi nikakalishwa kwenye kiti cha plastiki katikati ya wazee sita.

Jamani, ieleweke nilivyobanwa. Kusema siruhusiwi. Jikoni siruhusiwi. Nikamnong'oneza Djuma, "Ndani ya ile sufuria ni kompyuta." Djuma alinitazama kwa huruma, akanigusa paji la uso kuona kama nina homa, akanong'ona, "Tulia. Ukweni kila muntu anaogopa." Kisha akasimama kuhutubia.

Djuma akisimama hakai upesi. Alianza na mto, akapita kwa mababu, akaeleza nilivyo mpole. Nikamvuta koti. Akaelewa nataka ataje sufuria. Akaitaja.

"Na ile sufuria mumepokea, njo moyo ya ndugu yangu. Iko mikononi mwenu. Muifanye vile munapenda."

Wazee wakaitikia, "Ndiyo." Nikahisi jasho likishuka hadi kwenye soksi.

Ikabaki njia moja: Zaina. Alikuwa chumba cha nyuma akisubiri kuitwa. Nikaingiza mkono mfukoni, nikabonyeza jina lake bila kutazama. Simu ikaita. Ikaita juu ya televisheni, palepale sebuleni, ilipowekwa kuchajiwa. Mzee Ramazani akainuka, akaichukua, akavaa miwani, akasoma kwa sauti jina la anayepiga.

"Roho Yangu."

Akanitazama. Mfuko wangu ulikuwa unawaka taa.

"Mugeni, uko unapigia nani?"

Siruhusiwi kusema, nikafurahi kwamba siruhusiwi kusema. Djuma alisema natengeneza saa.

Hapo ndipo niliposikia sauti ya shangazi kutoka uani: "Chakula ya mugeni imebaridi. Tuitie moto kidogo, tutaifungulia mbele ya wazee." Maana kwa heshima yao, sufuria ya mgeni haifunguliwi jikoni. Hakuna aliyefunua. Walifungua kitenge tu, wakaiteleka juu ya mbabula iliyojaa makaa mekundu. Na yale matundu niliyoyalipia, yale ya kupitisha hewa, yalifanya kazi yake vizuri kabisa. Yalipitisha moto.

Dakika mbili. Harufu ikaingia.

Mzee Ramazani akanusa. Akanusa tena. "Hii nyama gani?"

Mzee aliyekuwa karibu naye, mtu wa adabu, akajaribu kunitetea. "Pengine nyama ya pori, ile ya kule Obokote. Wanakaushaka vibaya."

Nilivumilia mpaka nikaona moshi wa bluu unapita dirishani. Kazi yangu yote iko mle, karatasi za wateja wangu wote ziko mle. Sikukata shauri, miguu yangu ilikata. Niliruka kiti, nikaruka meza ya soda, nikaruka miguu ya Djuma, nikavuka uwanja, nikaingia jikoni kwa mama mkwe mbio, na viatu.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kilemba amevua, miguu ameinyoosha mbele, anatwanga sombe. Mtwangio ukabaki juu.

Sikumsalimu. Nilishika ile sufuria kwa mikono yote miwili.

(Tazama bandeji.)

Mlio nilioutoa sitaki kuueleza. Sufuria ikaanguka wima, kifuniko kikaruka, kikaviringika nje ya jikoni, kikauzunguka uwanja mzima taratibu, na kikaja kulala miguuni pa Mzee Ramazani, ambaye alikuwa ameshafika na wazee wote nyuma yake. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mama mkwe, napuliza viganja. Kati yetu sisi wawili, sufuria wazi: nyaya, feni, mbao imeungua pembeni, na kibodi niliyoikunja mle ndani, herufi zake zimeyeyuka zikashikana kama ugali uliobaki.

Shangazi ndiye aliyeinama kwanza.

"Hii tungekula namna gani?"

Nikaona nimeshavunja sharti la jikoni, hilo la kunyamaza lina faida gani. Nikasema, "Wazee, mnisamehe. Hii njo kazi yangu. Nilileta muione."

Mzee Ramazani aliinama, akanusa ndani ya sufuria.

"Kazi yako inanuka," alisema.

Kisha mama mkwe akashusha mtwangio. Sauti yake sikuwahi kuisikia kabla ya leo. Ni ya chini, ya polepole, na inaogopesha.

"Wakati ya vita, basoda munane, na bunduki mukononi, waliingia jikoni yangu," alisema. "Wote walipiga hodi."

Natamani ardhi ya Alunguli ingekuwa laini zaidi, ningeingia.

Walirudi sebuleni kujadiliana. Mimi na Djuma tukangoja chini ya paa la nje, yeye amenigeuzia mgongo. Nikaikagua mashine. Diski niliyoifunga juu kabisa, karibu na kifuniko, ilikuwa haijaguswa na moto, kwa hiyo wateja wangu mtulie, karatasi zenu zipo. Mengine yote ni marehemu. Lakini si hayo yaliyokuwa yananiuma. Nilikuwa nasikiliza mlango.

Mzee Ramazani akatoka. Nikasimama.

"Mugeni," alisema. "Rudi kwanza. Sisi tutaongea."

Mugeni. Zaina alikuwa amesimama nyuma ya pazia, nikaona vidole vyake tu vimeshika kitambaa. Miaka minne, na yote imeishia kwenye mbabula.

Nikainama kuchukua sufuria yangu. Shangazi akaniwahi.

"Apana. Kitu iliingia ukweni hairudiake." Akang'oa kichanja chote kwa mkono mmoja, kwa nguvu zake mwenyewe, akakifunga ndani ya kitenge changu pamoja na nyaya, akanipa. Sufuria akaigonga-gonga ubavu kwa kucha. "Hii njo sufuria muzuri. Muzito. Tutapikia sombe leo leo."

Hapo, ndugu zangu, dhamiri ilinisukuma nimweleze habari ya matundu. Nilifungua mdomo kabisa. Djuma akanikanyaga mguu uleule.

Tukavuka mto. Mpiga kasia akauliza kwenye kitenge nimebeba nini, nikamwambia matumbo ya kompyuta, akasogea mbali kidogo. Dispensari wamenifunga bandeji, nesi akaomba nimsimulie mara mbili. Nikaja ofisini, nikakaa mbele ya meza tupu, nikaamua niwaandikie nyinyi kabla Djuma hajawahi kuwasimulia mtaani, maana yeye angeanza na mababu.

Nilikuwa nimefika hapa na nilitaka kumalizia kwa kuwaomba msinicheke, mtu hachekwi siku aliyokosa mke.

Lakini sasa hivi simu imeingia ujumbe wa sauti. Namba ni ya Zaina. Nimebonyeza kwa kidole gumba. Kwanza nimesikia Zaina anacheka kwa mbali, kicheko cha mtu aliyeziba mdomo kwa kitenge. Kisha ile sauti ya chini, ya polepole.

"Mukwe. Sombe yote imemwangikia kwa makaa, moto imezima mara mbili. Nilifikiri makaa iko na maji. Nimegeuza sufuria. Mukwe, nimehesabia matundu, iko makumi tatu na munane. Kesho asubui ukuje unieleze. Na upige hodi."

Amesema mukwe. Amesema mara mbili. Nimeusikiliza ule ujumbe mara kumi na moja, na mara ya mwisho nilisimama juu ya kiti.

Kwa hiyo chekeni, nimewaruhusu wote. Ila mwenye sufuria nzima, isiyo na tundu hata moja, aniazime kabla ya mtumbwi wa asubuhi.