Vijidudu vya Mollo

Maximilian alisikia kwa wauza mitumba wa Sumbawanga kwamba kuna magaidi wanaosambaza vijidudu vya kuua mahindi. Ulikuwa uvumi mtupu, na Maximilian ameishi mjini kwa uvumi mtupu miaka kumi bila kulala njaa.

Kesho yake aliingia Mollo, mashambani nje ya mji, akiendesha lori la kukodi, mwilini koti jeupe, mkononi tangazo lenye mihuri mitatu ya kughushi.

"Shikamooni wazee. Serikali imetangaza hapa kuwa eneo la maafa," aliwaambia wakulima, akijiita daktari wa mazao. "Sheria ni sheria. Pasipo tangazo hakuna fidia, na tangazo linataka sampuli. Kila kaya ilete magunia mawili ya mahindi yenye vijidudu."

"Na fidia ni kiasi gani?" aliuliza mzee Sebastiani, ambaye mahindi yake hayakuwa hata na funza.

"Ukitoa gunia moja unalipwa kumi, mzee wangu."

Watu waliopokea komunyo Jumapili kwa unyenyekevu, Jumatatu hiyo waliapa kwamba mahindi yao yanakohoa. Tamaa haina aibu, jamani. Kufikia saa tisa lori lilikuwa na magunia themanini, chakula cha watu wale wote mpaka mavuno.

Ndipo akafika Bertilla, mwenyekiti wa mtaa, aliyewahi kuwa karani wa mahakama. Alilisoma tangazo mpaka yale maandishi madogo ambayo Maximilian aliyanakili mahali fulani bila kuyasoma.

"Kifungu cha nne, daktari: mazao yasitoke eneo la maafa. Cha tano: aliyeyagusa atengwe siku ishirini na moja. Wewe umegusa magunia themanini."

"Mama, hayo huandikwa tu."

"Kwa hiyo ni ya uongo?"

Maximilian akawatazama vijana waliokwisha kuketi mbele ya lori. Akisema ni ya kweli, anatengwa. Akisema ni ya uongo, polisi si mbali.

"Ni ya kweli," akasema.

Magunia yakarudi majumbani, wenyewe wakikwepana macho. Daktari akatengwa shambani kwa Bertilla na kupewa jembe, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kufukia nyasi ziwe mbolea kwenye ntumba, yale matuta ya duara, na vijidudu havimzuii mtu kulima.

Siku ya ishirini na moja akaomba kuondoka. Bertilla, aliyebakiwa na nusu ekari isiyolimwa, akalikunjua tangazo.

"Kifungu cha sita: muda huongezwa kwa saini ya daktari. Saini hapa, mwanangu, au twende kituoni tukaulize kama saini yako inatosha."

Maximilian akasaini, akarudi kwenye tuta.