Hazadi za Msafara na Moshi wa Udi

Jumamosi, 5 Machi 2005

Vita vimeanza. Mama mkwe wangu, Bi Bakhita, anamuoza mwanawe wa mwisho, Majid, na anataka filamu fupi ya kuonyeshwa harusini. Vijigari vya Majid vya utotoni, alivyoviweka miaka yote ndani ya kopo la biskuti, viende msafara kumchukua bibi harusi. Unasogeza kigari kidogo, unapiga picha, unasogeza tena, unapiga tena. Kazi yangu khasa. Mtaa wetu wa Ghubra mzima unajua.

Sasa shemeji yangu Suud naye kajitia. Kanunua kompyuta mpya, ati taa za magari atazichora humo humo. Bi Bakhita kasema tulete sote wawili siku ya Ijumaa baada ya chakula cha mchana, jamaa watazame, yeye achague.

Mke wangu Nunu kaongeza lake. Nikishinda, chumba cha stoo kinabaki studio yangu. Nikishindwa, inaingia cherehani yake, mimi na vijigari vyangu tutafute pa kwenda. Nikakubali papo hapo. Alitabasamu, sijui kwa nini.

Jumapili, 6 Machi

Taa za mbele. Asubuhi nilibandika balbu za tochi. Kubwa mno, kila kigari kama kimevaa miwani ya babu. Halafu harufu ya plastiki. Boneti ya lori la kijani imeyeyuka. Si neno, lori litaonekana kwa nyuma tu.

Jioni nikaenda Ruwi kwa fundi wa simu. Ana vijitaa vidogo mfano wa punje ya mchele, havipati moto. Nimechukua vyeupe vya mbele na vya njano vya pembeni. Vya nyuma nimevipaka rangi ya kucha ya Nunu, nyekundu. Usiku kauliza nani kagusa rangi yake. Nikasema katika nyumba hii watu wengi wanapita. Tunaishi wawili.

Jumatatu, 7 Machi

Nimemwambia mkuu wangu kazini, Bwana Murshid, kwamba macho yananiuma. Si uongo. Nimeyakodoa mchana kutwa.

Leo ilikuwa zamu ya hazadi, zile taa za pembeni za kupepesa. Gari gani la harusi Maskati litakwenda bila ya kuwasha hazadi? Nikaunga taa zote za njano kwenye swichi moja. Picha chache zinawaka, picha chache zimezima. Nikaitazama filamu: msafara mzima unapepesa pamoja, sawasawa. Nikajipongeza kwa sauti.

Nunu kachungulia, kasema haya si magari, haya ni mapambo ya duka. Magari ya harusi hayapatani hata siku moja. Hili linapepesa haraka, lile polepole, na raha ya msafara ndiyo hiyo. Nikamwambia aniachie kazi yangu. Alipotoka tu nikakata waya zote, kila kigari nikakipa swichi yake. Kigari cha bluu, kile cha mbele, hazadi yake nimeifanya nzito, ya polepole kuliko zote. Sasa ni msafara wa kweli. Mie nna mawazo mazuri sana.

Jumatano, 9 Machi

Siku kubwa. Taa za mbele zilikuwa zinawaka lakini mwanga wenyewe hauonekani ukisafiri. Mwanga unataka kitu cha kuugonga njiani. Nilijaribu unga wa ngano, nikapiga chafya, magari yote yakaanguka.

Halafu nikakumbuka udi. Nikachukua kwenye sanduku la Nunu, ule mzuri aliouweka kwa ajili ya harusi. Nikawasha chetezo ndani ya stoo, nikafunga mlango. Mara ya kwanza moshi ulirukaruka kila picha, ukadhani magari yanaungua. Basi kila picha nikaacha jicho la kamera wazi muda mrefu, moshi ukajilaza wenyewe, ukawa laini. Na mbele ya kigari cha bluu ikatoka miale miwili mirefu, imenyooka mpaka mwisho wa meza. Nikakaa chini. Nilifurahi mno.

Kumbe moshi ulipita chini ya mlango mpaka sebuleni. Huko alikuwako jirani yetu, Bi Rahila, ndiyo kwanza kakaa, hata kahawa hajaonja. Kusikia udi akajua anaagwa. Akasimama, akashukuru kwa makaribisho, akaenda zake. Nunu kanijia na maneno mengi. Ati hata mtoto mdogo anajua kwetu udi unapitishwa mwisho, mgeni akishafukizwa ndiyo ruhusa yake ya kuondoka, na Rahila alikuwa na khabari ambayo yeye Nunu kaingoja wiki nzima. Nikamwambia Rahila ana miguu, atarudi. Nimelala stoo, pamoja na magari.

Ijumaa, 11 Machi

Ushindi. Ushindi mtupu.

Tulikula pilau kwa Bi Bakhita, mtaa wa Bawshar. Majlisi imejaa, wengine wamesimama mlangoni. Kura ikaniangukia mimi kuanza. Wakati Suud bado anahangaika na waya za kompyuta yake, nikapata wazo. Ikiwa moshi umezipendezesha taa za vijigari, kwa nini usiipendezeshe na projekta? Nikaweka chetezo chini ya meza, nikatia udi gao zima, kiganja kimejaa.

Ule mwanga ulitoka mnene, ukapita juu ya vichwa vya watu mpaka ukutani. Msafara ukaanza. Taa nyekundu zinawaka kwenye kona, hazadi kila moja na mwendo wake. Mara Bi Bakhita akanyoosha kidole kwenye kigari cha bluu. Akasema yule ni marehemu mume wake. Hazadi ya gari lake ilikuwa nzito vile vile, na ndilo lililoongoza msafara siku ya harusi yetu mimi na Nunu. Hakuna aliyemwambia kwamba ndilo nililoliiga. Kaliona mwenyewe, akalia.

Nunu anasema ulikuwa moshi. Lakini yeye naye alikuwa anafuta macho, na alikaa dirishani, moshi haukufika huko.

Filamu ilipokwisha watu wakasimama. Wote. Hata ami Ishaq, ambaye hasimami kwa ajili ya mtu. Wakanipa mikono, wakashukuru kwa chakula, wakatoka kutafuta viatu. Suud anawaita, jamani bado yangu, huku milango ya magari inalia nje. Bi Bakhita akamwambia basi tena, watazamaji hawapo na yeye keshapata aliyoitaka. Ya kwangu ndiyo itakayoonyeshwa harusini.

Njiani kurudi Nunu kanieleza kwamba watu hawakusimama kwa ajili ya filamu, walisikia udi wakajua wanaagwa. Nimemwacha aseme. Si rahisi kwake, na Suud ni kaka yake. Chumba ni changu.

Jumamosi, 12 Machi

Harusi ni Alkhamisi. Ukumbi mkubwa, wageni mia nne, na Bi Bakhita kaagiza mbuzi wasiohesabika. Nimepanga filamu itangulie, chakula kifuate.

Leo nimekwenda soko la Matrah kununua udi, mwingi kuliko ule wa Ijumaa. Suud kaja mwenyewe, anacheka, kajitolea kuvibeba vyetezo. Mtu mzima, kakubali kushindwa, nimempenda. Nunu nimemkuta stoo na futi yake ya kushonea, anapima ukuta. Kauliza kama mlango unapitisha meza ya cherehani. Nikamwambia asijisumbue.

Vyetezo viko kumi na viwili. Nimeagiza viwashwe vyote pamoja, kabla sahani ya kwanza haijatoka jikoni. Ukumbi mzima utasimama.