Benchi la Watani Lisirudishwe

Mtaa wa Kisimani Juu,
Mji Mdogo wa Mkongeni,
Njia ya Bagamoyo.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mitaa Tulivu.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: PINGAMIZI DHIDI YA OMBI LA KURUDISHIWA BENCHI

Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na wajumbe wako, pamoja na dereva wa lile gari lenu la matangazo ambalo kila alfajiri hupita mtaani kwetu likitusihi kwa vipaza sauti viwili tupunguze kelele. Ujumbe umefika. Hata wagonjwa wameupata.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Si kawaida yangu kuwaandikia wakubwa kulalamika isipokuwa inapobidi, ingawa nakiri huwa inabidi mara kwa mara. Safari hii naandika kwa ajili ya mume wangu, Tarcis, aliyekuwa mkufunzi wa mitambo ya boti kule Mbegani. Kabla ya Kwaresima alipata kiharusi. Mkono umeanza kurudi, mguu anaukokota, lakini sauti haijarudi. Tangu siku ile hajatamka neno. Daktari alisema mgonjwa anahitaji utulivu, na mimi neno la daktari silijadili. Nataka mume wangu aongee tena, basi. Kwa hilo niko tayari kukosana na mtaa mzima, na nimeshaanza.

Nimearifiwa kwamba Alhamisi kamati yako itasikiliza ombi la majirani zangu watatu wanaotaka warudishiwe benchi lao, lile lililokuwa chini ya dirisha la mume wangu kabla mgambo hawajalibeba kufuatia malalamiko yangu. Waombaji ni Bwana Mwinshehe, fundi cherehani, Mkwere. Bwana Mrisho, aliyekuwa dereva wa lori, Mzaramo. Na Bi Mwaija, muuza vitumbua, Mzaramo pia, mwenye ulimi unaowatosha watu wawili na mwingine ukabaki. Mume wangu ni Mnyamwezi wa Tabora. Wewe ni mtu wa pwani, huhitaji kuelezwa maana yake. Hao ni watani zake. Mimi ni Mhaya niliyeolewa tu, nimevumilia utani huo tangu nikiwa bibi harusi, na sasa nimechoka. Madai yangu ni haya:

1. Lugha ya matusi. Tangazo lenu lililobandikwa mitaani linakataza matusi hadharani. Kila asubuhi Mwinshehe alikuwa akiinama dirishani, kabla hata hajanisalimu mimi mwenye nyumba, na kumuuliza mgonjwa kwa nini bado anamaliza hewa ya watu. Siku moja akamwambia kwamba babu zake walitembea kutoka bara mpaka Bagamoyo na mizigo ya watu kichwani, lakini yeye ameshindwa kubeba hata ulimi wake mwenyewe. Ulimi, Ndugu Mwenyekiti! Kwa mtu asiyeweza kusema! Nilitoka na mwiko. Akanijibu kwa adabu zote, "Mwalimu, haya ni ya watani, wewe hayakuhusu." Nimelisoma tangazo lenu mbele na nyuma. Hakuna palipoandikwa kwamba tusi la Mkwere kwa Mnyamwezi si tusi.

2. Kupima watu bila idhini yao. Mwinshehe huyo huyo alikuja na futi yake ya kushonea, akampima mume wangu mabega na urefu kupitia dirishani, akiwatangazia wapita njia kwamba anashona sanda mapema asije akabanwa na kazi za Idi. Nilimweleza kwamba sisi ni Wakatoliki, hatuzikwi na sanda. Akafikiri kidogo, akasema basi atashona suti, ila mifuko hataiweka, maana Wanyamwezi mizigo yao hubeba kichwani. Mrisho alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye benchi. Naomba ieleweke kwamba benchi hilo, pamoja na mengine yote, ni hatari kwa watumiaji.

3. Wizi wa mchana kweupe. Bi Mwaija aliingia uani kwangu bila hodi, akamkamata jogoo wangu mwekundu, akasema anachukua haki yake ya mtani ya matanga mapema kwa sababu siku yenyewe watu watakuwa wengi. Jioni akamrudisha akiwa mchuzi. Akaketi kitandani kwa mume wangu, akamlisha kijiko kimoja kimoja, na kila kijiko na tusi lake. Kwangu Tarcis hula vijiko vitatu akageuza uso. Siku hiyo alimaliza bakuli. Sioni kwamba hilo lina uhusiano wowote na kosa la wizi, nalitaja kwa sababu nimezoea kusema ukweli wote.

4. Mkusanyiko wa watu zaidi ya watatu usio na shughuli maalumu. Hili ndilo lililonifanya niite mgambo. Jioni moja hao watatu walifanya mazoezi ya mazishi ya mume wangu barabarani, baada ya kushinda mchana kutwa wakiwaalika wapita njia. Mrisho alilala juu ya benchi akijifanya Tarcis. Mwinshehe akawa padri, na Kilatini alichokisema hakijapata kusemwa Roma wala parokiani Kerege. Mwaija akalia kilio cha mjane, akiniigiza mimi, na akaomba marehemu afufuke kidogo aonyeshe alikoficha funguo za kabati. Funguo hizo kweli zimepotea, lakini hayo ni mambo ya ndani ya nyumba yangu. Nilipomtazama mume wangu nikaona machozi yanamtoka na mabega yanatikisika. Nikajua wamemliza. Ni kweli upande mmoja wa mdomo ulikuwa umepanda juu, lakini kwa mgonjwa wa kiharusi mdomo kwenda upande si ushahidi wa jambo lolote.

Mgambo wakaja chini ya Ndugu Adrian, kiongozi wao. Naishukuru kamati kwa haraka ile. Watatu hao waliandikishwa na kutia saini kwamba hawatasogea tena dirishani. Benchi likabebwa, ingawa ni la mninga, zito, na walipofika pale kona mgambo ilibidi wakae juu yake wapumzike, wakanywa na kahawa. Sasa nasikia liko barazani kwenu, linakaliwa na wananchi wanaosubiri kulipa faini ya kukaa ovyo. Si langu kuuliza.

Tangu siku hiyo mtaa umetulia kabisa. Mwinshehe ameingiza cherehani ndani. Bi Mwaija hupita upande wa pili wa barabara, ananisalimu kwa sauti ya chini kama anayempa mtu pole. Tarcis anaketi dirishani tangu asubuhi, mimi kando yake na ushonaji wangu, na hatusikii kitu. Nimefurahi sana. Usiku huwa nafurahi mpaka sipati usingizi.

Kwa kuwa kazi iliyoanza vizuri haifai kuachwa njiani, naiomba kamati yako si tu ikatae ombi la Alhamisi, bali ichukue hatua zifuatazo. Benchi lipasuliwe kuni. Utani uwe kwa kibali, chenye picha, kikionyesha kabila la mtani, kabila la mtaniwa, saa za kutaniana na mwisho wa ukali wa maneno. Ateuliwe Afisa Utani wa kusimamia vibali hivyo, asiwe Mkwere, Mzaramo, Mnyamwezi wala Msukuma, ili asipendelee. Katika mji huu sharti hilo linatuacha wachache mno, na mimi sina kazi nyingi siku hizi.

Hata hivyo, mwalimu mzuri hupambana na chanzo. Utani huu haukuanzia Kisimani Juu. Ulianza na misafara ya zamani, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka na mizigo mpaka Bagamoyo, wakafika wamechoka, wakakaa vivulini bila shughuli maalumu, tena zaidi ya watatu, wakatukanana na wenyeji mpaka wakapendana. Naomba kamati ifungue jalada kuhusu jambo hilo. Nani aliwaruhusu wakae? Nani aliwapa maji? Wangekuwepo mgambo wa Ndugu Adrian wakati ule, kila mtu angetua mzigo wake akarudi kwao bila kumjua mtu, na leo mume wangu angekuwa anaugua kwa amani.

Nisalimie wajumbe wote, mama watoto, karani wako mwenye mwandiko mzuri, na Ndugu Adrian. Mwambie ule mguu ulioangukiwa na benchi aukande kwa maji ya moto yenye chumvi na aache kuuchechemeza mbele ya watu.

Wako katika ujenzi wa mtaa usiosikika,

Bi. Asteria Kokugonza,
Mwalimu Mstaafu.

Tanbihi: Barua hii imeshapigwa muhuri na mwenyekiti wa mtaa wetu, na kumpata akiwa na muhuri na wino siku moja si jambo la kujaribu mara ya pili. Kwa hiyo siwezi kuiandika upya. Naomba yote ya juu uyaache, usome hapa.

Asubuhi ya leo nilimketisha Tarcis dirishani kama kawaida. Akaangalia pale mahali penye alama za miguu ya benchi, akaangalia weee, kisha akasema, "Wakwere wameshindwa." Neno la pili lilitoka limekatika, lakini nimefundisha watoto wenye mapengo miaka mingi na nimelisikia. Nilipiga magoti pale pale. Yeye hakunitazama. Akalisema tena kwa nguvu zaidi, kuelekea nje, akangoja.

Hakuna aliyemjibu. Nikajaribu mwenyewe, nikamwita mbeba mizigo, nikamwambia anyamaze. Alinipapasa mkono kwa huruma akageukia dirisha. Mimi ni mke wake, si mtani wake, na tusi langu halimfiki. Nikakimbia kwa Mwinshehe bila viatu. Aliposikia alikaa chini akafunika uso kwa kitambaa cha mteja, kisha akatoka mpaka ukingo wa barabara na kusimama hapo hapo. "Mwalimu, nilitia saini," aliniambia, na ameshindwa kuvuka.

Ndugu Mwenyekiti, Alhamisi ni mbali. Tafadhali futa saini hizo leo na utume benchi, hata kwenye gari la matangazo, hata likipiga kelele njia nzima. Nimekosea, na nitakuja kulisema hilo mbele ya kikao. Mume wangu bado yuko dirishani anangoja kutukanwa, na asipojibiwa naogopa atanyamaza tena.