Jinsi Begi Langu Lilivyonadiwa Kanisani Makambako

Leo nimenadiwa. Sijaibiwa, sijatapeliwa. Nimenadiwa mchana kweupe, nje ya kanisa, Makambako, na aliyeninadi ni mzee yule yule ninayetaka aniozeshe binti yake.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho nitalia.

Wengi wenu mnamjua Neema. Kwa msiomjua: yeye ni wa Makambako, mimi wa Ludewa, na tulifahamiana Malaysia, tulikokuwa tunasoma kwa ufadhili, tukigombania sufuria moja ya ugali. Tulipomaliza chuo hatukurudi moja kwa moja. Kila mtu alibeba begi lake mgongoni, tukazunguka. Penang, Bangkok, Vientiane, Hanoi. Mabasi ya usiku, tambi asubuhi, tambi jioni, hosteli za bei ya chini ambako wanaume wanalala chumba chao na wanawake chao. Ndani ya treni ya kwenda Bangkok, wakati mimi nawaza namna zote ambazo treni inaweza kuacha reli, Neema akaniambia, "Festo, tukirudi uje uonane na baba." Tangu hapo sikuona tena mahekalu wala masoko. Nilikuwa namwona baba yake tu, na sikuwa nimewahi kukutana naye.

Tatizo ni kwamba nyumbani kwao walijua anasafiri na Getruda.

Getruda hayupo duniani. Neema alimbuni kwenye simu siku baba yake alipomuuliza anazunguka na nani huko. Msichana wa chuoni, mtulivu, mcha Mungu. Picha zote zilizofika Makambako nilizipiga mimi, kwa hiyo Getruda hakuonekana hata kwenye moja, na aliyeuliza aliambiwa Getruda ndiye mpiga picha. Mama yake akawa anamtumia salamu. Baba yake, Mzee Mligo, ambaye ni mzee wa kanisa, akawa anamwombea kila jioni. Nilipougua tumbo Hanoi, Neema aliwaambia Getruda anaumwa, familia nzima ikapiga magoti. Nilipona. (Sijui dawa zilihusika kwa kiasi gani.)

Mpango wa leo ulikuwa hivi. Nije ibadani. Ibada ikiisha, Neema anitambulishe kama mwenzake wa chuo, nitoe zawadi, ninywe chai, niondoke. Mzee azoee uso wangu. Getruda apate kazi Mtwara, asahaulike polepole. Halafu ndipo niwatume washenga. Nilikuwa nimeuwaza mpango huu kwa wiki nzima, nikauzungusha kichwani kila upande, nikaona hauna tundu.

Asubuhi nimetoka Njombe kwa binamu yangu, baridi ya kung'ata masikio. Kwa kuwa kesho nilitakiwa kuendelea na safari ya Mbeya, nilibeba begi lile lile la Bangkok na kila nilicho nacho ndani. Kosta ikachelewa kwa sababu ya mizigo ya parachichi. Nafika Makambako, ibada imeshaanza.

Sasa nimesimama mlangoni na begi kubwa kama mtoto wa darasa la tano. Nikaanza kuwaza. Nikiingia nalo, nitaonekana nimekuja kuhamia. Nikiliacha nje, litaibiwa. Nikirudi stendi kulihifadhi, nitakosa mahubiri, na Mzee Mligo akiniuliza mahubiri yalihusu nini nitasema nini?

Mama mmoja wa pale mlangoni, kitenge chake kimenyooka, akaniona nahangaika. Akanyoosha mikono.

"Lete mwanangu, usihangaike nalo. Mungu akubariki."

Nikampa. Jamani, nikampa bila kufikiri, mimi ambaye hufikiri hata kabla ya kupiga chafya. Maana hivyo ndivyo tulivyokuwa tunafanya kwenye hosteli zote. Unafika mapokezi, unakabidhi begi, wanaliweka pembeni, unakwenda kuzunguka mji, unarudi unalichukua. Nilisubiri hata kipande cha namba. Nikamuuliza, "Mama, hakuna namba?"

"Namba ya nini? Yeye anakujua kwa jina."

Nikaona ni utaratibu mzuri sana.

Nikakaa viti vya nyuma. Begi langu nikaliona limepelekwa hadi mbele, limeegemezwa karibu na madhabahu, katikati ya ndoo za viazi, debe la maharage na jogoo aliyefungwa miguu. Nikajisemea, hawa watu wanajua kutunza mizigo. Neema alikuwa kwenye kwaya, na kila nikimwangalia ananitolea macho. Nikajua ni mapenzi. Nikamtabasamia. Akazidi kuyatoa. Nikazidi kutabasamu. Mchungaji akaombea vitu vyote vilivyoletwa mbele, na wote waliovitoa kwa moyo wa kupenda. Nikaitikia "Amina" kwa sauti mpaka babu aliyekaa mbele yangu akageuka kuniangalia kwa heshima.

Kwa msiojua: huku kwetu asiye na hela ya sadaka huleta alicho nacho. Mahindi, mayai, kuku. Ibada ikiisha, vitu vinatolewa nje vinanadiwa, hela inakuwa ya kanisa. Mimi nalijua hilo tangu utoto. Parokiani kwetu tunafanya. Lakini kuna kujua kitu, na kuna kuwa umetoka Hanoi majuzi.

Tukatoka nje, upepo unapeperusha majoho ya wanakwaya. Mnadi akasimama juu ya benchi. Mzee mrefu, koti refu, sauti ya kuamsha kijiji. Nikamuuliza kijana wa pembeni yangu huyo ni nani. Akasema, "Huyo ndiye Mzee Mligo. Huyo hata jiwe analiuza."

Aliuza viazi. Aliuza maharage. Jogoo alinunuliwa na mchungaji, kila mtu akacheka. Halafu Mzee Mligo akainama, akainua begi langu.

"Wapendwa, leo tumebarikiwa. Kuna mtu amemtolea Mungu begi. Na si begi la sokoni hili. Hili limetembea."

Nikasema nijitokeze, niseme ni langu. Kichwa kikauliza: utajitambulisha kwa baba mkwe kama mgeni aliyemnyang'anya Mungu sadaka, baada ya maombi, na baada ya kuitikia Amina kuliko watu wote? Nikasema basi nilinunue mwenyewe. Wazo zuri. Nikapapasa mfuko. Pochi ilikuwa ndani ya begi.

Neema alikuwa anapenya katikati ya watu kuja kwangu, bado na joho la kwaya. Kumbe yale macho yalikuwa ni onyo. Aliponifikia alininong'oneza kitu ambacho sitakiandika hapa kwa kuwa alikuwa amevaa joho.

Wakati huo mama mmoja anayeuza viazi kwa jumla alikuwa ameshapandisha bei. Akataka kujua kama begi ni zima kwa ndani. Mzee Mligo akasema kanisa halifichi kitu, akafungua zipu.

Ilitoka kwanza taulo ambayo sikuianika. Akaiweka pembeni kwa vidole viwili. Ikatoka kofia ya manyoya niliyomnunulia yeye mwenyewe, Hanoi, baada ya kuzunguka maduka mchana kutwa nikibishana na Neema kuhusu ukubwa wa kichwa cha baba yake. Akaivaa ili watu waone. Ilimkaa kama imeshonewa kwake. Akaigeuza kushoto, akaigeuza kulia, akaivua, akamuuzia mwinjilisti.

Ikafuata suruali yangu ya tembo. Kila anayezunguka Bangkok huishia kununua hiyo suruali, nyepesi, pana kama gunia, ina tembo wadogo kila mahali. Bibi mmoja mwenye fimbo alipoiona hakungoja bei ipande. Alisema inatosha kuvaliwa chini ya kitenge wakati wa baridi, na asijitokeze mtu wa kushindana naye. Hakujitokeza mtu.

Halafu akatoa sahani.

Sasa sahani. Bangkok tulipanda boti ya watalii, na tuliposhuka tukakuta jamaa ameshatupiga picha bila kutuuliza na kuichapa katikati ya sahani ya kuning'iniza ukutani. Mimi na Neema, kila mmoja na suruali yake ya tembo, kichwa chake begani kwangu. Neema alisema tusinunue. Nilirudi kwa siri nikainunua, nikaificha chini kabisa ya begi, ndani ya soksi.

Mzee Mligo akaitoa kwenye soksi. Akainyanyua juu kabisa, kundi zima likaangalia jua linavyong'aa juu yake. Hakuwa amevaa miwani.

"Na hapa kuna sahani ya ukutani," akasema. "Ya huko huko Uchina. Ina bwana harusi na bibi harusi wa kwao. Nani anaanza?"

Tulikuwa tumepona! Naomba muelewe hapo. Jua linapiga kwenye sahani, watu wako mbali, mzee haoni. Mama wa viazi alikuwa ameshaanza kuinua mkono. Ndani ya dakika moja sahani ingeingia kwenye kikapu chake, Getruda angekwenda Mtwara, na mimi ningekunywa chai. Kitu kimoja tu kilihitajika kutoka kwangu, nacho ni kunyamaza.

Lakini kichwa changu hakikunyamaza. Kilisema: ameona. Anajifanya hajaona. Anakupima. Sasa hivi anawaza mlilala wapi. Kanisa zima linawaza mlilala wapi. Usipojitetea sasa, utakuwa umekubali.

Nikasikia sauti inapaa kutoka katikati ya watu. Ilikuwa yangu.

"Mzee, tulilala vyumba tofauti!"

Jogoo wa mchungaji tu ndiye aliyetoa maoni.

Watu wote wakageuka. Neema akajifunika uso kwa joho. Mzee Mligo akaniangalia. Akamwangalia binti yake pembeni yangu. Akaishusha sahani taratibu, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. Akaiangalia sahani kwa muda ambao ningeweza kusoma shahada nyingine.

"Neema," akasema. "Getruda yuko wapi?"

Neema alininyooshea kidole, basi.

Mzee akashuka kwenye benchi. Watu wakampisha njia. Akaja akasimama mbele yangu, sahani mkononi, akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu.

"Wewe ndiye Getruda?"

Kulikuwa na majibu mengi. Nimeyafikiria yote tangu mchana, mengine mazuri sana. Nililosema pale ni, "Ndiyo, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Tumbo lilipona?"

"Lilipona, Mzee."

"Tulikuombea sana."

Mama Neema, ambaye mpaka dakika hiyo alikuwa ameshika mdomo kwa ncha ya kitenge, alikaa chini juu ya gunia la mahindi la mtu akacheka mpaka wakamletea maji. Kwaya ikamfuata. Mchungaji aligeuka upande wa ukuta, mabega yake yakawa yanatikisika. Mzee peke yake hakucheka. Alirudi kwenye benchi akamaliza kazi. Begi lilikwenda kwa mama wa viazi, ambaye alinirudishia pochi na kitambulisho akisema hivyo yeye hakuvinunua. Sahani Mzee alitangaza kwamba haiuzwi tena, anainunua mwenyewe, akatoa hela yake akaitia kwenye kikapu cha kanisa mbele ya wote.

Watu walipotawanyika nikamfuata. Nikaanza kueleza. Hosteli, vitanda, chumba cha wanaume cha Vientiane kilivyokuwa na kufuli. Akanyanyua mkono.

"Kijana, sijakuuliza vitanda. Nimemlea huyu, namjua. Kilichoniudhi ni kumwombea mtu ambaye hayupo. Unajua nilivyokuwa namtaja Getruda kwa sauti?" Akavua miwani. "Nyumbani kwangu leo huingii. Nenda kawaambie wazee wako. Ukija tena, uje na watu, kwa utaratibu wake. Na uje kwa jina lako."

Akaondoka na sahani kwapani. Chai sikunywa.

Sasa nipo ndani ya Kosta narudi Njombe, mgongo mwepesi kama sijawahi kuwa na mali. Mbeya siendi, sina hata soksi. Neema amepiga simu. Anasema nimekubaliwa, niache kuwaza, baba yake angekuwa hanitaki angenikaribisha chai, angenichekea, habari ingeishia hapo. Nikamuuliza ana uhakika kwa kiasi gani. Amekata simu.

Kwa hiyo natafuta mshenga. Wazee wangu wa Ludewa nitawaeleza kesho, nikipata namna ya kuanza sentensi ya kwanza. Lakini wanahitaji mtu wa kuwatangulia, mtu mzima, mwenye kauli nzuri, asiye na haya, anayeweza kuingia Makambako na kusema ametumwa na Getruda.

Tafadhali msicheke. Atakayecheka wa kwanza huko kwenye komenti, ndiye ninayemtuma.