Audace Mpangusa-Vioo na Uasi wa Mwani Kamukuzi

Tak.

Sauti ndogo, gizani, sebuleni mwa nyumba ya wageni ya Mzee Yonatani huko Kamukuzi, kabla jogoo wa kwanza hajasafisha koo: konokono ameteleza kwenye kioo, ameanguka chali mchangani. Naam! Sogeeni, enyi mama mnaochambua maharage, enyi baba mnaosubiri boda, nanyi watoto msiotaka kuoga. Acheni masufuria yatokote yenyewe, mnipe masikio, niwasimulie vita ambavyo havikutangazwa redioni, ambamo hayakumwagika ila maji ya chumvi, na ambamo mume wangu Audace, mwana wa Rugamba, mbeba ndoo, mpangusa vioo, mwinua konokono walioanguka, alipambana na adui asiye na mikono, wala miguu, wala haya.

Maana Mzee Yonatani, bwana wa vyumba vingi na funguo nyingi zaidi, alikwenda Kampala akaona bahari ndani ya kioo, na moyo wake haukutulia tena mpaka naye akapata yake. Likaletwa tangi refu kama kitanda, na mawe, na mchanga mweupe, na konokono wa kulamba vioo, na taa za buluu, na chumvi ya kukorogwa katika maji yaliyochujwa, na matumbawe madogo yaliyofumba kama ngumi za kitoto kichanga. Na mwisho wa yote, ndani ya mfuko wa plastiki, samaki mmoja wa njano, mwembamba kama sahani, mdomo mbele kama anayetaka kubusu. Mama Umwiza, mpishi wetu, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, alipomwona alishika kifua.

"Maskini ya Mungu! Ametoka mbali, anafika na mufuko moja tu ya plastiki. Huyu ni mukimbizi mwenzetu."

Tangu hapo samaki akaitwa Mugeni.

Audace akapewa ulinzi wa bahari hiyo, na pamoja nao chumba nyuma ya jiko. Hapo msikilize vizuri, maana vita vyote vilikuwa vya chumba hicho. Kabla yake mimi na binti yetu Aurore tuliishi Kashojwa, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, tukipalilia mahindi, na mtoto alimjua babaye kama mtu anayeshuka kwenye boda, anacheka, halafu anapanda tena. Sasa tulilala watatu chini ya chandarua kimoja, miguu ya Aurore shingoni mwa babaye. Nani angekubali kurudisha raha hiyo?

Ndipo adui alipoinuka. Kwanza alikuja kama vumbi la kahawia juu ya mchanga, na Audace akacheka, akalifuta. Kisha akavaa kijani: ute kwenye kioo, manyoya kwenye mawe, nywele ndefu zilizopepea mbele ya pampu kama bendera za jeshi lililokwisha kuuteka mji. Matumbawe yakafunikwa. Mugeni akawa kitu cha njano kinachopitapita nyuma ya kichaka.

Mzee Yonatani akaja akasimama, mikono nyuma, tumbo mbele.

"Wewe Audace, hii ni nini? Mimi nilinunua bahari, sasa naona supu ya mboga ya dodo! Jumapili ya wiki kesho natoa mtoto yangu kuolewa, wakwe wanakuja kukaa hapa. Kama hii maji haiko safi, ssebo, namwaga yote, naweka soda ndani. Na wewe na bibi yako mnarudi Nakivale."

Audace akainua kidevu. "Mzee, kabla wakwe hawajavua viatu, bahari hii itang'aa kama jicho la ndama, ama mimi si mwana wa Rugamba!"

"Mimi sijui Rugamba. Mimi najua Jumapili."

Basi shujaa akafunga kibwebwe, akachomoa mswaki wa zamani, upanga wake. Alisugua kioo, akang'oa nywele za kijani kwa vidole, akamwaga maji machafu na kumimina mapya, akapunguza saa za taa. Lakini alichong'oa asubuhi kiliota jioni, kama uvumi kambini. Mwisho akampigia simu yule fundi wa Kampala aliyeuza tangi.

"Samaki mnamlisha kiasi gani?" fundi akauliza. "Chakula kinachobaki majini ndiyo mbolea ya mwani."

"Kidogo! Kile ninachobana kwa vidole viwili."

Na ilikuwa kweli. Sasa mbolea ilitoka wapi? Saa ya chakula cha mchana Audace akajificha nyuma ya pazia la sebule, akijikunja kama chui, ingawa chui hana kiatu kinachochungulia chini. Na aliyoyaona yakamtia baridi. Mgeni mmoja mfanyabiashara alikuwa akila chapati. Samaki akasogea kwenye kioo, akafungua mdomo. Yule bwana akatazama kushoto, akatazama kulia, akadondosha kipande. Akaja askari wa geti na muhogo. Akaja Mama Umwiza na wali kiganjani. Akaja Aurore, damu yake mwenyewe, akapanda kwenye kigoda, akakata andazi lake na kutoa nusu iliyo kubwa. Kuhusu bibi mmoja aliyepita na kiini cha yai, historia imeamua kunyamaza.

"Simameni!" Audace akaruka na pazia lake. "Enyi watu wa nyumba hii! Namtafuta adui kwenye mawe, kumbe analishwa na mikono yenu! Kila tonge mnalotupa humo ni askari mpya wa mwani! Mnataka mimi nirudi kulima?"

Aurore akaanza kulia. Mama Umwiza akaweka mkono kiunoni.

"Baba Aurore, nisikilize. Kwetu mutu hakulake mbele ya mwenye macho bila kumupa. Huyu anakuja pale pale kwa kioo, anafungua kinywa: a! a! a! Weye unaweza kumeza?"

Audace, aliyekuja na mbiu ya vita, akaliachia pazia. Naye alilelewa hivyo hivyo.

"Siwezi," akasema. "Tukimnyima, tumekosa utu. Tukimpa, tumekosa chumba."

Mama Umwiza akapangusa mikono.

"Basi tumufunike. Asituone tukikula. Asipotuona, haya itatoka wapi?"

Nikafungua kitenge changu kiunoni, kile nilichombebea Aurore mgongoni, tukalizungushia tangi lote kama bibi harusi. Na kwa kuwa katika nyumba ya wageni watu hula kutwa, chai, chakula, chai tena, kitenge hakikupata nafasi ya kutoka. Taa nazo tukaziacha zimezimwa. Fundi aliposimuliwa, alicheka mpaka simu ikakwaruza.

"Acheni hivyo hivyo siku chache! Bila mwanga, bila mbolea, mwani utaishi kwa nini? Na samaki huyo hula majani hayo hayo, hatakufa."

Ndivyo mji wa adui ulivyozingirwa. Askari wa geti, kila kabla ya tonge, alikinong'oneza kitenge, "Karibu," halafu akala kwa amani.

Jumapili ikafika. Wakwe wakajaa sebuleni, akina mama wamependeza kwa mishanana, nguo zao za kufunga begani, Audace akiwa amesimama kando ameshika mkono wa Aurore.

"Toa hiyo nguo," Mzee Yonatani akaamuru.

Nikavuta. Eeeh! Kioo kilikuwa kama hakipo. Mchanga mweupe, mawe yamenyolewa, matumbawe yakianza kufungua vidole. Wakwe wakapiga makofi. Lakini kidole cha Mzee kikapanda taratibu, kikaelekea jiwe la juu kabisa, ambako kishungi kimoja cha kijani kilikuwa kingali kinapepea.

"Na ile?"

Mswaki ulikuwa jikoni. Nilimwona Audace akizidi kuubana mkono wa mtoto.

Hapo Mugeni akatoka nyuma ya mawe. Hakuja kwenye kioo. Hakufungua mdomo kwa mtu. Alipanda moja kwa moja mpaka kwenye kishungi kile, akakiuma, akavuta, akatikisa kichwa kama mbuzi, akameza.

"Amekula sombe!" Mama Umwiza akapaza sauti, kana kwamba ni kisamvu cha kwao.

Mzee Yonatani akacheka mpaka kofia ikamshuka usoni. "Kale, sawa! Huyu iko mfanyakazi. Na wewe pia, Audace. Kaa na watu yako."

Basi na isemwe Kamukuzi na ifike Nakivale, na wazee wahesabu miaka kwayo, kwamba mwaka huo bahari iliokolewa kilimani, mbali na kila pwani, kwa mswaki mmoja, kitenge kimoja na njaa ya heshima. Na mwana wa Rugamba akainuliwa na watu, yaani alipewa soda, akainywa amesimama.

Aurore akamwachia babaye mkono, akanijia, akashika sketi yangu.

"Mama, tunabaki na baba."