Simba Mzee Aliyefukuzwa Sebuleni Kwetu

Kumb. Na. BABU/TV/01
(Msihangaike kutafuta jalada la nyuma. Hili ndilo la kwanza.)

Ndugu Mkurugenzi wa Vipindi,

YAH: SIMBA MZEE ALIYEFUKUZWA SEBULENI KWETU SIKU YA JUMAMOSI, SAA TISA ALASIRI

Natumaini hujambo wewe, watangazaji wako na mitambo yako yote. Mimi sijambo kidogo, na hicho kidogo ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Nijitambulishe kwanza, maana barua isiyojulikana mwenyewe huishia kapuni. Mimi ni karani mstaafu wa masjala. Kwa miaka thelathini na minne nilipokea barua, nikazisajili na kuzitia kwenye majalada, na halikupotea jalada hata moja, isipokuwa lile ambalo wakubwa walitaka lipotee. Naishi kwa binti yangu, ambaye ni muuguzi, na mumewe, ambaye ni fundi seremala. Wana mtoto mmoja wa kike, yuko darasa la tano, tunamwita Spika, kwa sababu habari ikiingia sikioni mwake hutokea mdomoni ikiwa imeongezwa sauti. Nilihamia hapa mke wangu alipofariki. Nilikuja na begi moja, nikasema nakaa wiki mbili nitulize kichwa. Huu ni mwaka wa sita.

Jumamosi iliyopita mlituonyesha kipindi cha simba wa porini. Mlianza vizuri, sina ubishi. Tulimwona dume kubwa limejinyoosha kivulini huku majike wakihangaika na mawindo. Mkwe wangu alifurahi mno, akasema huyo ndiye anayejua maisha. Binti yangu akamtazama, naye akaacha kufurahi. Hadi hapo tulikuwa familia kama familia nyingine.

Ndipo mkatuambia kwamba simba yule amezeeka. Hamkutosheka kusema, mkasogeza kamera hadi mdomoni tukaona jino la mbele halipo. Mkatuonyesha anavyochechemea mguu wa kushoto. Wakatokea madume wawili vijana kutoka ng'ambo ya mto, wakampiga mbele ya watoto wake, akaondoka. Aligeuka nyuma mara moja tu. Na mtangazaji wenu, yule mwenye sauti ya mtu anayesoma taarifa za vifo, akasema hakuna hata mmoja aliyemfuata. Halafu mkaweka tangazo la magodoro.

Ndugu Mkurugenzi, mimi jino la mbele sina. Nachechemea mguu wa kushoto. Nadhani umeshaanza kunielewa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kutazamwa. Tulikuwa watu watano sebuleni: binti yangu, mkwe wangu, Spika, mimi, na jirani yetu, dereva mstaafu wa gari la zimamoto, ambaye huja kila Jumamosi kwa sababu anasema televisheni yake ina mistari. Mtangazaji aliposema lile neno lake, vichwa vinne viligeuka kuangalia kiti changu. Vinne, kwa pamoja, kama askari kwenye gwaride. Niliwahi kutazamwa hivyo siku moja tu maishani, mkaguzi alipouliza nani ana ufunguo wa kabati. Spika akauliza kwa sauti yake ile kama simba mzee ana kwao kwingine. Mama yake akamwambia akanawe mikono. Mikono ilikuwa safi.

2. Wema wa ghafla. Tangu siku hiyo nakatiwa nyama vipande vidogo vidogo kabla haijafika mezani. Chai yangu inakuja na kisahani. Mkwe wangu, ambaye kwa miaka mitano na ushei hajawahi kuniachia rimoti hata akiwa amesinzia, Jumatatu alinikabidhi rimoti kwa mikono miwili. Mkono mmoja ungenitosha. Nikaipokea, nikaangalia kama begi langu bado liko chini ya kitanda.

Msidhani sina shukrani. Wema wa aina hii naujua mimi, nimewahi kuupata kazini. Mwezi wangu wa mwisho ofisini, bosi ambaye kwa miaka tisa aliniita "wewe wa majalada" alikuja kunisalimia kwa jina na kuniulizia hali ya familia. Wakaniletea chai mezani. Wakaacha kunigombeza. Nikajiona nimependwa kumbe nasindikizwa, na siku ya mwisho wakanipa saa ya ukutani, mtu ambaye wamekwisha kumwambia hahitaji tena kuwahi popote. Basi mtu akinikatia nyama vipande vidogo, mimi nasikia saa ya ukutani ikigonga.

3. Kupimwa. Jumanne mkwe wangu aliingia chumbani kwangu na futi yake ya chuma. Akapima kitanda. Akapima mlango. Akasimama, akakuna kichwa, akaniomba nisimame wima ukutani, akanipima na mimi. Nilipouliza kulikoni, akasema anapima rafu. Nimekaa na majalada miaka thelathini na minne, Ndugu Mkurugenzi, rafu nazijua. Rafu haipimwi kuanzia kisigino cha mtu hadi utosini.

4. Kimya cha Spika. Jumatano niliingia jikoni nikamkuta anaongea na mama yake. Aliponiona akafunga mdomo. Wale madume wawili wa ng'ambo ya mto hawakunitisha kiasi hicho. Mtoto huyu alitangaza mtaa mzima kwamba meno yangu ya bandia yalianguka kwenye ndoo, leo ana siri gani isiyosemeka mbele yangu?

5. Drafti. Jirani yangu, ambaye hajawahi kunihurumia kwenye drafti na siku akishinda huimba, amenipa ushindi mara tatu mfululizo wiki hii. Mara ya tatu aliisukuma kete yake mwenyewe mdomoni mwa yangu, kisha akajifanya anakohoa. Kama zimamoto wameamua kuniokoa, basi moto upo.

6. Gharama za kujihami. Nilifikiri kwa kina, nikaona kosa la yule simba mzee lilikuwa moja: alilala sana, wenzake wakasahau anafanya kazi gani. Nikaamua kuonyesha kazi. Alhamisi nikaamka mapema nikafagia uwanja. Nikatengeneza bomba la jikoni, na maji yaliyokuwa yanadondoka sasa yanatoka kwa wingi, ila hayafungiki. Nikainua mtungi wa gesi, kiuno kikanikumbusha tarehe yangu ya kuzaliwa. Kisha nikaweka alama za mipaka ya nyumba kama mlivyotuonyesha, lakini mimi ni mtu mwenye heshima zangu, nilitumia chokaa. Nikakaa mlangoni kulinda. Saa nne akaingia kijana mgeni bila hodi, anachungulia chungulia ukutani, nikamtimua hadi barabarani na fimbo juu. Alikuwa msoma mita.

Binti yangu aliporudi kutoka zamu akakuta uwanja mweupe, jiko limefurika na mimi nimejilaza kwa kiuno. Hakunigombeza. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaniuliza taratibu kama nataka chai. Ningekuwa bado wa nyumba hii, angenigombeza.

Sasa niseme lile ambalo kwenye barua ya kikazi halisemwi. Naogopa. Ofisini kwetu mtu aliweza kukaimu nafasi miaka na miaka, anafanya kazi zote za cheo kile, anakalia kiti kile, lakini kama jalada lake halina barua ya kumthibitisha, siku yoyote anaambiwa kusanya vitu vyako, na hana pa kukata rufaa. Mimi niliomba wiki mbili. Wiki mbili zilipoisha hakuna aliyeniambia kaa, na hakuna aliyeniambia ondoka. Nimekaimu ubabu katika nyumba hii mwaka wa sita sasa. Begi langu liko chini ya kitanda, nguo mbili zimo ndani zimekunjwa, sijawahi kuzitoa. Kitanda ni kifupi, miguu inatoka nje hadi kwenye vifundo, sijawahi kusema, maana mgeni halalamikii kitanda. Nilikuwa nimezoea. Nilikuwa nimeanza hata kusahau kwamba nimezoea. Mkaja ninyi na simba wenu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya sehemu ya pili kurushwa Jumamosi hii:

(a) Wapiga picha warudi porini, wamtafute yule mzee, wamrudishe kwa familia yake kwa heshima zote. Majike wajipange mstari kumpokea. Wale vijana wawili wapewe uhamisho.

(b) Mtangazaji mwenye sauti ya msiba apelekwe utabiri wa hali ya hewa, ambako watu wameshazoea kutomwamini mtu.

(c) Kabla ya taarifa ya habari, lisomwe tangazo mara tatu, polepole, kwamba mienendo ya simba si mwongozo kwa wakwe, mabinti, wajukuu wala majirani, na kwamba anayetaka kumwiga simba aanze kwa kulala saa ishirini kwa siku aone kama atapata riziki.

(d) Iandikwe filamu nyingine ya mnyama ambaye wazee wake hukaa nyumbani. Sijui ni yupi. Ninyi ndio wataalamu. Kama hayupo, nileteeni kamera, nitawaelekeza kwa jirani yangu, yeye hata ukimfukuza haondoki.

(e) Nipatiwe sehemu ya pili niikague kwanza mimi, peke yangu, rimoti ikiwa kwangu, kwani kwa sasa ninayo.

Yasipotekelezwa nitalazimika kuzima televisheni Jumamosi kwa mkono wangu mwenyewe, na mtakuwa mmepoteza watazamaji watano, akiwemo mmoja ambaye televisheni yake ina mistari.

Nakuomba unifikishie salamu kwa wapiga picha, kwa fundi wa sauti, kwa mlinzi wa getini kwenu, na kwa majike wote wa kundi lile, ambao najua wana kazi nyingi. Wale madume wawili vijana nao wasalimieni. Waambieni meno hayadumu.

Wako mwenye kungoja majibu kwa maandishi,

Karani Mstaafu wa Masjala, ambaye kwa sasa ni Kaimu Babu.

Nakala: Jalada langu binafsi (halina barua nyingine ndani).

N.B. Leo ni Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Barua hii sikuituma jana kwa sababu ya kiuno, na leo sikuzima televisheni kwa sababu mkwe wangu alinitoa nje nikamsaidie kushika ubao. Sehemu ya pili sikuiona. Naambiwa yule mzee amepatikana hai, amekonda, amekaa na simba mwingine mzee, wanalambana vichwa. Naambiwa pia mkwe wangu aliingia ndani mara moja kuchukua misumari, akaiona sehemu hiyo, akalia, akasingizia vumbi la mbao.

Ubao niliokuwa nimeushika ni wa kitanda. Kimeingia chumbani jioni hii kwa shida, ndiyo maana alipima mlango. Ni kirefu. Nimekijaribu, miguu imebaki ndani. Ukutani ameweka na rafu, kwa hiyo kwenye malalamiko namba 3 kijana alisema kweli nusu, na nusu hiyo naomba aandikiwe. Binti yangu amesema siku ya kwanza ya kipindi, Spika alipouliza kama simba mzee ana kwao kwingine, yeye alikwenda kulia jikoni, maana alikumbuka hajawahi kuniambia nisiondoke. Alidhani najua. Kisha amenigombeza. Kwa ajili ya bomba, kwa ajili ya chokaa, kwa ajili ya msoma mita, kwa ajili ya kuinua mtungi wa gesi na umri wangu huu, karibu nusu saa bila kupumua, mkono kiunoni. Sijagombezwa vizuri hivyo tangu mama yake afariki. Nyama ya jioni hii imekuja nzima nzima, na rimoti imechukuliwa.

Naomba basi malalamiko namba 1 hadi 6 yafutwe, na maombi (a) hadi (e) pia, isipokuwa (b). Mtanisamehe kwa kuwatumia hata hivyo, lakini barua iliyokwisha kupewa kumbukumbu namba haichanwi. Simba endeleeni nao. Kama kuna mahali mnaweza kuwaonyesha majirani wanaoshindwa drafti makusudi, anzeni na huyu wangu, ingawa leo amenifunga mara nne na amerudi kuimba matusi kama zamani.

Siri ya Spika ilikuwa karatasi. Ameniletea kitandani, amesimama wima kama tarishi, akanitaka nisaini kwenye daftari kwamba nimepokea. Kumb. Na. NYUMBANI/BABU/01. Yah: Kuthibitishwa. Inasema kuanzia sasa mimi ni babu kamili, na siruhusiwi kuondoka bila kibali cha maandishi kutoka kwake. Imepigwa muhuri wa kizibo cha soda. Begi nimempa atie vitabu vyake vya shule, nguo zile mbili nimezipanga kwenye rafu.

Barua yake ina kosa moja: amesahau kuweka tarehe. Kwa miaka thelathini na minne nilirudisha kila barua isiyo na tarehe, ya mkubwa na ya mdogo. Hii nimeipokea ilivyo, nimeitia kwenye jalada.